Gundi ya Nyapara Elieza

Kisicho na kiungo huvunjika popote. Mlimsikia mwenyekiti wa kwaya akiisema jana, mlipokuwa mnapitisha kanuni kwamba asiyefika mazoezini mara moja amejitoa, hata kama amefiwa. Mlicheka. Kisha mwenzenu Tabitha akaniuliza kama hiyo ni methali ya wazee wa zamani. Si ya zamani. Aliyeisema mara ya kwanza ninamfahamu, na alipoisema nilikuwa nimesimama karibu naye. Nitawaeleza niliyoyaona, na yale ambayo sikuyaona nitawaeleza kama nilivyoambiwa na binti yake. Ilianza hivi.

Hapa Kilosa alikuwepo mzee akiitwa Elieza Senyagwa. Wengi walimwita Nyapara, kwa sababu aliongoza genge la kutunza njia ya reli mpaka alipostaafu. Mkewe alikufa mapema, akamwachia watoto wawili: Yoeli, na mdogo wake Merabu. Siku za Jumamosi aliwachukua watoto hao akaenda nao njiani, akawaonyesha mahali reli mbili zinapokutana. Pale pana mwanya. Asubuhi, chuma kikiwa baridi, sarafu inaingia mwanyani bila kusukumwa. Saa nane mchana hata ukucha haupiti.

"Reli inapumua," aliwaambia. "Ukiinyima mwanya, jua likiwaka inapinda kama nyoka, na treni inalala ubavu."

Yoeli alipokuwa mkubwa alifungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na soko. Wakati huo reli mpya ilikuwa inajengwa, na mhandisi mmoja mgeni alipanga nyumba jirani na kwao. Mhandisi alipoondoka, alimwachia Yoeli makreti mawili ya matofali ya plastiki ya kuchezea, yale madogo yenye vinundu juu, ambayo hushikana yakibanwa na huachana yakivutwa. Ndani yake mlikuwa na reli za plastiki, na treni ndogo inayotembea kwa betri.

Kwa matofali hayo Yoeli alijenga stesheni ya zamani ya Kilosa. Aliweka dirisha la tiketi, tangi la maji, daraja la Mto Mkondoa, na wanawake wanaouza ndizi kwenye jukwaa. Reli ilizunguka yote hayo na kurudi ilikoanzia. Kazi ile ilijaza meza ya futi nane. Lakini Yoeli hakuijenga kama kitu kimoja. Aliigawa katika sehemu nane, kila moja juu ya kibao chake cha plastiki, na sehemu zilishikana kwa vipini vidogo vinavyochomoka. Kila mwaka, yalipokaribia maonyesho ya Nane Nane kule Morogoro, yeye na Merabu walizitenganisha, wakazipanga kwenye makreti ya soda, wakapanda basi. Wakifika waliziunganisha tena.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia, na kwa miaka kadhaa nilisimamia hema la ubunifu wa vijana wa wilaya yetu kwenye maonyesho hayo. Meza ya Yoeli haikukosa watu. Watoto waliinama mpaka pua zikagusa kamba, na watu wazima walitania.

"Kijana, hiyo inafika Dodoma saa ngapi?"

"Inategemea betri, mzee."

"Basi ni treni ya kweli. Hata mezani inachelewa!"

Kuna vitu vilidondoka safarini kila mwaka: paa, mlango, muuza ndizi. Merabu aliviokota kwenye kreti na kuvirudisha. Niliwahi kumshauri Yoeli avipake gundi. Alinijibu, "Mwalimu, nikipaka gundi nimemaliza kujenga. Mimi sijamaliza." Na kweli, kila mwaka palikuwa na jambo jipya kwenye meza ile.

Mwezi wa tano wa mwaka ninaousimulia, pikipiki aliyopanda Yoeli iligongwa na lori la mkonge. Alifia njiani kabla ya kufikishwa hospitalini. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Tulizika. Merabu alikaa mpaka matanga yakaisha, kisha akarudi Dodoma, alikokuwa anasomea uuguzi. Mzee Elieza akabaki na nyumba, na chumba cha mwanawe, na meza ile. Kabla ya kifo chake Yoeli alikuwa ameanza kuibadilisha kwa ajili ya maonyesho ya mwezi wa nane. Mwezi wa sita nilimtembelea mzee, nikamwambia kwamba nafasi ya Yoeli hemani ipo vilevile, na kwamba mezani patawekwa kibao chenye jina lake. Mzee alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema jambo moja tu: "Watu waone alichokifanya."

Tangu siku hiyo hakutaka jambo lingine. Merabu aliniambia kwamba kila alipopiga simu nyumbani, mazungumzo yalikuwa juu ya meza.

Alirudi mwishoni mwa mwezi wa saba ili kufungasha. Alimwamkia baba yake, akaingia chumbani, akashika paa la stesheni kulivuta. Halikutoka. Akajaribu tangi. Akajaribu kipini cha kibao cha kwanza, kisha cha pili.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekifunga," alisema mzee. Alikuwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi nzuri. "Mtoto wa jirani aliingia humu akanyofoa paa. Panya nao wanapita. Nimenunua gundi ile kali, nikapaka kila mahali, polepole, kwa kijiti cha meno. Sijasogeza kitu."

"Hata treni?"

"Hata treni. Ingeibwa."

"Paa ningelirudisha mimi."

"Ungelirudisha kwa mkono wako, Merabu. Lile lililokuwepo liliwekwa na mkono wake. Huo mkono nitaupata wapi tena?"

Merabu alizunguka meza akitafuta mahali fulani, nyuma ya stesheni, upande wa mto. Alipopaona aliweka kidole juu ya reli.

"Hapa palikuwa na pengo."

"Reli ilikuwa imekatika. Nilikuta kipande kimelala pembeni, nikakirudisha mahali pake. Mimi, miaka yote ile njiani, niache reli imekatika?"

Merabu alikuwa na mkoba begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitu alichokuwa amekileta kutoka Dodoma. Aliufunga zipu, akaenda kupika.

Siku ya safari hawakuhitaji makreti ya soda. Mzee aliagiza pikapu ya Sekwao, mtu wa mtaani kwao, na karatasi kubwa ya plaiwudi. Kile kitu kizima kilitelezeshwa juu ya plaiwudi, kikafungwa kwa mikanda, kikapitishwa mlangoni kikiwa kimesimama kwa ubavu. Hakikudondoka hata kipande.

"Umeona?" mzee alimwambia binti yake. "Miaka yote mnaokota mapaa ndani ya makreti. Umeona?"

"Nimeona, Baba."

"Nyapara, njoo ukae mbele," Sekwao aliita.

"Nimepanda toroli la reli maisha yangu yote, nitashindwa na pikapu yako? Wewe endesha."

Akakaa nyuma, mkono juu ya blanketi lililofunika kazi ya mwanawe.

Sasa sikilizeni, maana hapa pana fizikia kidogo. Plaiwudi hunepa. Gari likiingia kwenye shimo, plaiwudi inashuka katikati kisha inarudi. Sehemu nane zilizoshikwa kwa vipini zingefuata mnepo huo, au zingeachana mahali zilipopangiwa kuachana. Kitu kimoja kigumu hakifuati. Kabla ya Dumila palikuwa na kipande cha barabara kilichochimbwa na mvua. Hapo mzee alisikia mlio mfupi, kama wa kijiti kikavu. Baada ya muda akausikia tena, kisha mara ya tatu. Hakugonga paa la gari, wala hakufunua blanketi. Aliweka mkono wa pili juu yake, wakaendelea hivyo mpaka Morogoro.

Hemani tulikuwa tumeshaandaa meza. Kibao chenye jina la Yoeli kilikuwa kimesimama. Wanaume wanne waliingiza plaiwudi, na mzee akafunua mwenyewe.

Ufa wa kwanza ulikuwa umepita katikati ya stesheni na kulikata dirisha la tiketi. Wa pili uliligawa daraja. Wa tatu ulipita jukwaani, ukakata matofali yenyewe, mengine kwa mshazari, na chembe zake zilikuwa zimepotelea kwenye blanketi. Nilizikagua zile sehemu nane moja baada ya nyingine. Mahali Yoeli alipopanga paachane, hapakuwa na hata pamoja palipoachana.

"Unga, mama," mzee alimwambia binti yake taratibu. "Wewe unajua. Unga kabla watu hawajaja."

Merabu alijaribu. Alisogeza vipande viwili vya stesheni vikagusana, akaachilia, vikatengana. Alijaribu daraja. Hapakuwa na kinundu cha kushika wala tundu la kupokea. Alibonyeza kitufe cha treni. Mota ililia ndani kwa sauti nyembamba, na magurudumu hayakusogea.

Watu walianza kuingia. Mwanamume mmoja mwenye kofia ya kufumwa, ambaye alikuja kila mwaka, aliangua kicheko kutoka mlangoni.

"Ehee! Leo imeacha njia kabisa! Fundi yuko wapi, amekimbia abiria?"

"Fundi tumemzika mwezi wa tano," alisema Merabu.

Mtu yule alivua kofia yake. "Nisamehe, dada. Mzee, pole sana. Sikujua." Kisha akatoka.

Hapo ndipo Merabu alipofungua mkoba. Alitoa toroli dogo la matofali, lililozidi kiberiti kwa ukubwa kidogo tu, lenye magurudumu manne ya treni. Juu yake alisimama mtu mmoja mwenye fulana ya rangi ya chungwa, na nyundo mkononi.

"Hiyo ni nini?" mzee aliuliza.

"Ni wewe."

Mzee aliinama kulitazama kwa karibu.

"Yoeli alikuja kuniona Dodoma wakati wa Pasaka, akalitengeneza palepale chumbani kwangu. Akaniambia, 'Lifiche, Baba asilione mpaka Nane Nane.' Alitaka kulitengenezea njia ya pembeni, lisimame nyuma ya stesheni, treni ikipita umpungie mkono dereva. Alikuwa ameshatoa kipande kimoja cha reli ili aunganishe hapo."

"Lile pengo."

"Ndiyo."

"Lilikuwa langu."

"Lilikuwa lako, Baba."

"Na mimi nikaliziba."

Mzee alilichukua toroli, akaliweka juu ya reli nyuma ya stesheni, mahali alipokuwa amepaziba kwa gundi. Gundi ilikuwa imevimba kama chunusi, na magurudumu hayakukaa. Toroli lilianguka ubavu. Aliliinua, akaliweka tena. Likaanguka. Mara ya tatu alibaki nalo kiganjani.

Darasa la watoto lilikuwa limefika kwenye kamba. Mtoto mmoja wa kike, mwenye sare ya shule, alimsalimu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Mbona imevunjika hapa, na hapa, na hapa?"

Niliogopa. Nilisogea ili nimwondoe yule mtoto. Lakini mzee aliinama akamwelekeza kwa kidole, kama nilivyoambiwa kwamba aliwaelekeza wanawe njiani, akakipitisha kidole juu ya ufa kutoka dirisha la tiketi mpaka ukingo wa meza.

"Ilikuwa na viungo, mjukuu wangu. Palikuwa na mahali pa kuachana na mahali pa kukutana. Nikavifunga vyote, nikidhani naitunza. Na kisicho na kiungo huvunjika popote."

Mtoto aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaenda kwenye meza ya wafuga nyuki.

Mzee Elieza hakuondoka. Kwa siku zote za maonyesho alisimama nyuma ya meza ile iliyopasuka, na kila aliyeuliza alimjibu maneno yaleyale. Watu wa Kilosa waliokuwepo waliyabeba, wakaanza kuyatumia kwa mambo yao: kwa baba asiyemruhusu binti yake kuwatembelea wajomba, kwa chama cha kuweka na kukopa kilichofukuza mtu kwa kosa moja, na jana kwa kanuni yenu.

Mwaka uliofuata nililiachia kundi la wasuka mikeka nafasi ile. Merabu alikuwa amejaribu dawa ya kuyeyusha gundi. Iliyeyusha gundi, na paa la stesheni pia, na mkono wa muuza ndizi mmoja. Akaacha. Vipande vipo mpaka leo chumbani kwa Yoeli, chini ya blanketi lilelile, na mzee hapendi vifunuliwe. Toroli analo yeye. Hutembea nalo mfukoni mwa koti, na ibada ikiwa ndefu huwa namwona akilizungusha gurudumu lake kwa kidole gumba. Halina reli ya kwenda.

Kanuni yenu ni yenu, mtaamua wenyewe. Lakini mkimwona mzee yule kwenye benchi la tatu siku ya Jumapili, msimwombe awasimulie. Alishasema, na hakubakiza neno: kisicho na kiungo huvunjika popote.