Karatasi Chini ya Kitambaa

Mtu mmoja alikuwa na mama, na mama huyo alikuwa na presha ya macho. Mtu huyo aliitwa Ambakisye. Aliuza mbegu na mbolea katika mji mdogo wa mlimani, katikati ya mashamba ya chai. Mama yake, Tusekile, alifuma vitambaa vya kochi tangu ujana wake, na hapakuwa na sebule mtaani isiyo na kazi ya mikono yake.

Siku moja walikwenda zahanati. Tabibu alimulika macho ya mama, kisha akaandika barua ya rufaa kwenda kwa bingwa wa macho. Akamvuta Ambakisye pembeni, akamweleza. Hospitali ya mkoa ni ya umma, na ina benchi refu. Lakini benchi lile halimtazami aliyewahi, linamtazama aliyezidiwa, ndiyo maana juu ya barua hii ameandika HARAKA. Kliniki binafsi haina benchi. Bingwa ni yuleyule, na huko atawaona mapema. Ila huko hana chumba cha upasuaji, kwa hiyo atawapeleka hospitali ya mkoa, na barua itakayoulizwa ni hiihii. Wachague wanapotaka, alisema, mradi wasikae nayo.

Katika maneno yote hayo, Ambakisye alilisikia moja tu: benchi.

Jumapili, kwenye jumuiya, alisimama akatangaza kwamba mama yake hatapanga foleni. Angempeleka kwa daktari binafsi, tena kwa gari lake mwenyewe. Watu waliitikia amina, naye akaketi akiwa mkubwa kuliko alivyosimama. Lakini gari lenyewe lilikuwa kwa fundi, boneti wazi, likisubiri kifaa kutoka mjini. Basi la abiria lilipita kila asubuhi. Angeweza kulipanda. Aliona aibu kwamba watu wale wale walioitikia amina wangemkuta stendi, amemshika mama mkono, na bahasha ya serikali mfukoni.

Basi akaiweka barua juu ya televisheni, akaifunika kwa kitambaa cheupe cha maua, kizuri kuliko vyote alivyopata kufuma mama yake. Mama alipouliza, alimjibu, "Wameshatuandika. Tunasubiri zamu."

Jirani yao, Mama Subilaga, mchuma chai, aliandikiwa barua kama ile wiki ileile. Alifunga kanga, akabeba uji kwenye chupa, akapanda basi. Alikaa benchini siku mbili, akaitwa, akapasuliwa, akarudi shambani. Kila alipopita dukani alimtania Ambakisye, akimwita kwa jina la mwanawe.

"Baba Lusajo, lile gari limelazwa wodi gani?"

"Kesho kutwa linaruhusiwa," alijibu Ambakisye, na wateja wakacheka, naye akacheka nao.

Mama Subilaga alipokwenda kumsalimu Tusekile na kumuuliza kulikoni, mama alimtetea mwanawe. Alisema ameshawaandikisha, ni zamu tu haijafika. Na kila asubuhi aliipapasa sebule yake, akakinyoosha kitambaa juu ya televisheni, kwa kuwa hakupenda kikae upande.

Gari lilitoka kwa fundi mwezi wa nne tangu siku ile ya zahanati. Lilioshwa, na mama akaketishwa kiti cha mbele, wakaenda hadi kliniki binafsi. Hapakuwa na benchi, kama alivyoambiwa. Bingwa alipima kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu kwamba jicho la kulia halioni tena na halitarudi, na la kushoto linahitaji upasuaji wiki hii, hospitali ya mkoa. Akauliza kama wana barua ya rufaa.

Ambakisye aliitoa. Jua la dirisha la sebuleni lilikuwa limepita katika matundu ya kitambaa na kuipausha karatasi, hata ikabaki na maua ya mama yake, ua baada ya ua, juu ya neno HARAKA. Bingwa aliyatazama maua. Akaitazama tarehe. Kisha akamtazama Ambakisye.

Mama alinyoosha mkono, akaigusa karatasi, akaufuata mkunjo wake kwa kidole.

"Kumbe ni hii," alisema. "Kila siku naigusa nikinyoosha kitambaa. Nilidhani ni kadi ya gari."

Hakukasirika, na hilo ndilo Ambakisye alilokosa pa kuliweka.

Jumatano walikaa kwenye benchi. Ambakisye aliliacha gari nyuma ya ukuta wa hospitali, mahali ambapo hakuna anayepita. Muuguzi alisoma barua, akawaita kabla ya watu wengi waliofika alfajiri, na hakuna aliyenung'unika. Walikunja miguu ili mama apite. Mama Subilaga, aliyekuja siku hiyo kupimwa tena, aliinuka akamshika mkono mmoja. Mkono wa pili alikuwa ameushika mwanawe, na mama hakuuachia.

Jicho la kushoto lilipona. Siku hizi Tusekile hukinyoosha kitambaa akiwa ameinamisha kichwa upande, ili jicho moja lione kazi ya mikono iliyofundishwa na mawili. Hapo Ambakisye hutoka nje, akasimama uani hadi mama amalize. Jumuiya haijamuuliza chochote. Yeye mwenyewe hajasimama tena kusema neno.

Nasi tunaorudi majumbani sasa hivi: kile kitambaa kizuri kuliko vyote sebuleni kwetu, kimefunika nini?