Jina la Binti wa Zaituni

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho nina swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kule Muheza palikuwa na zahanati yenye wanawake watatu. Nesi Mwanakombo alijaliwa jicho: ukificha kitu, yeye keshakiona. Daktari Nyamizi alijaliwa kuuliza, na akiuliza husubiri jibu. Hidaya, mshauri wa watoto, alijaliwa subira. Aliweza kukaa asubuhi nzima na mtoto asiyesema neno, wala asichoke.

Na palikuwa na Zaituni, mama wa Sudi. Sudi alikuwa mtoto mpole wa miaka saba, kisha ghafla akaanza kung'ata. Aling'ata wenzake shuleni, akamng'ata mama yake, mpaka mwalimu mkuu akamrudisha nyumbani. Majirani wakasema ana mashetani. Baba yake mkubwa, Mzee Semkiwa, akakata shauri: "Mwisho wa mwezi namchukua shambani kwangu. Fimbo itamnyoosha." Mume wa Zaituni akakubali, maana kaka mkubwa akishasema, nani wa kubisha?

Zaituni aliijua fimbo hiyo. Alikuwa mjamzito, akashika tumbo akaapa: "Atakayeniponyea mwanangu nisinyang'anywe, huyu akiwa wa kike nitampa jina lake."

Akampeleka Sudi zahanati. Lakini aibu nayo! Alipofika kwenye mizani akasema mtoto anaumwa tumbo. Ndivyo alivyokuwa akisema hata duka la dawa, na Sudi kanyweshwa dawa za minyoo mpaka minyoo wenyewe wangeomba msamaha. Mwanakombo akaitikia tu, huku akitazama jinsi Zaituni anavyovuta kanga kufunika mkono. Akaifunua taratibu, akaona alama za meno.

"Mwanangu," akasema, "tumbo haling'ati mtu. Niambie."

Zaituni akalia palepale. Mwanakombo akamshika mkono, akampeleka mwenyewe kwa daktari na kueleza yote, ili mama wa watu asiaibike mara ya pili.

Daktari Nyamizi akampima Sudi masikio, macho, damu. Hakuna kitu. Ndipo akauliza, "Ameanza lini?"

"Tangu mama mkwe afariki. Ndiye aliyemlea."

"Na Sudi mlimwambia nini?"

Zaituni akainama. "Tulimwambia bibi kasafiri."

Nani kati yenu hajawahi kumwambia mtoto hivyo? Naona mnaangalia chini.

Daktari akamgeukia Sudi. "Wale uliowang'ata walikwambia nini?"

"Wamesema bibi kafa. Waongo."

"Na mama je?"

"Kagawa nguo za bibi. Akirudi atavaa nini?"

Daktari akasema, "Mama Sudi, mwanao hana mashetani wala minyoo. Ana msiba. Nyinyi mmelia mkamaliza, yeye mmemnyima hata kulia." Kisha akampigia simu Mzee Semkiwa, akamwita, akamweleza hayohayo usoni. Mzee akakohoa, akasema atasubiri mpaka mtoto mchanga azaliwe, baada ya hapo asilaumiwe.

Kujua ugonjwa ni kitu kimoja, kuuguza ni kingine. Hidaya akakaa na Sudi sakafuni wakifinyanga udongo. Mwanzo mtoto alikuwa akiuponda tu, na Hidaya akimpa mwingine. Akaenda shuleni, akamwomba mwalimu amruhusu Sudi atoke nje kidogo hasira zikipanda. Na Zaituni naye, Hidaya akamfundisha maneno ya kumwambia mtoto, akayarudiarudia naye kama anayemfundisha sala, mpaka siku ile alipoweza kuyasema mbele ya mwanawe.

"Sudi, bibi hakusafiri. Bibi amekufa, hatarudi. Tulikudanganya, baba. Sitakudanganya tena."

Sudi akalia mpaka akalala mapajani kwa mama yake. Walipompeleka kaburini, Mzee Semkiwa mwenyewe ndiye aliyemshika mkono. Kung'ata hakukuisha siku hiyo, msidanganyike, lakini kulipungua, mpaka siku moja Sudi akakunja ngumi akasema kwa mdomo, "Nina hasira." Shule ikampokea. Habari ya shamba ikafa kimyakimya.

Zaituni akajifungua, na mtoto akawa wa kike.

Siku ya kutoa jina, nyumba ikagawanyika. Wifi yake akasema ni Mwanakombo, maana bila yeye tungekuwa bado tunafukuza minyoo. Mumewe akasema ni Nyamizi, kwani meno kila mtu aliyaona, nani aliuliza? Mzee Semkiwa akapiga fimbo chini: ni Hidaya, maana kulijua jipu si kulikamua. Wenyewe watatu walipoulizwa, kila mmoja akamsukumia mwenzake, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Zaituni akafikiri amwite mtoto kwa majina yote matatu. Lakini aliapa jina moja, kwa aliyemponya mwanawe.

Sudi akaja akakaa karibu yake, akagusa kidole cha mdogo wake.

"Mama, anaitwa nani? Niambie kweli. Uliahidi."

Haya, mliokaa hapa. Zaituni kafungua mdomo, wale wanawake watatu wamesimama mlangoni, na mtoto anasubiri kuambiwa kweli. Ataje jina la nani?