Kwa Nini Kila Mcheza Puli Huja na Chaki Yake

Ninyi mnaoingia leo kwenye banda la puli, kila mmoja na kipande chake cha chaki mfukoni, mnadhani mambo yalikuwa hivyo tangu mwanzo. Hayakuwa hivyo. Kulikuwa na wakati ambapo meza nzima ilikuwa na chaki moja ya buluu, na chaki hiyo ilikuwa ya wote. Aliyemaliza kupiga alimkabidhi anayefuata, mkono kwa mkono, hata kama barabarani walikuwa hawasalimiani. Aliyepokea aliipaka kwenye ncha ya fimbo bila kuitazama. Kuichungulia chaki uliyopewa ilikuwa dharau, sawa na kunusa chakula cha mwenyeji kabla ya kukila, na watu wenye adabu hawakufanya hivyo.

Kwa asiyejua mchezo huu wa kusukumia mipira shimoni kwa fimbo, chaki ndiyo inayoifanya fimbo ishike mpira. Bila chaki, fimbo huteleza, na mpira mweupe hujiendea unakotaka.

Katika mji mmoja wa reli, meza ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Nyamizi. Aliipata baada ya miaka mingi ya kuuza maandazi stesheni, akaiweka chini ya banda la mabati nyuma ya soko, na meza hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mama yake. Hakuwa na shamba, wala hakuwa na nguvu tena ya kuamka alfajiri kukanda unga.

Miongoni mwa wateja wake alikuwa Mihayo, fundi cherehani wa mtaa wa pili, ambaye mkewe alifariki mwaka ule. Arobaini ilipopita, shemeji zake walimwambia asijifungie ndani kila jioni, ndipo akaanza kuja bandani. Alicheza vibaya na hakuna aliyemcheka. Mara nyingi Nyamizi alimwita mara mbili kabla hajatambua kwamba zamu ni yake, na hata aliposhika fimbo, macho yake yalikuwa mbali.

Basi ikatokea wiki moja Mihayo hakuonekana, kwa kuwa alikuwa na sare za kwaya za kushona. Wiki hiyohiyo fimbo zikaanza kuteleza. Lufunga, mpakia mizigo wa stesheni ambaye hakuwa na mpinzani katika mji ule, alikosa mpira uliokuwa mdomoni mwa shimo. Akabadilisha fimbo, akakosa tena. Kesho yake walikosa wote, hodari na wanaojifunza, hata ikawa hakuna tofauti kati yao. Walikagua miguu ya meza. Walikagua kitambaa chake cha kijani. Waliipima mipira mikononi. Chaki waliendelea kupeana bila kuitazama. Waliona haya kuitilia shaka chaki, ila hawakuona haya kumtilia shaka mtu.

Mtu huyo akawa Nyamizi. Kila asubuhi alikuwa akinyunyiza maji kuizunguka meza, na sasa Lufunga akakumbuka kwamba amewahi kumwona. Neno la uchawi likatoka bandani, likafika sokoni, likarudi limeongezwa chumvi. Ijumaa, mama yake Nyamizi alikwenda kununua dagaa na muuzaji hakutaka kumgusa mkono.

Jumamosi mchana wachezaji wakaja na balozi wa nyumba kumi wa mtaa ule, mzee Kasonde, wakasimama nje ya banda.

"Dada Nyamizi, hatukuja kugombana," Lufunga alisema. "Tunauliza tu. Yale maji ni ya nini?"

"Ya kutuliza vumbi, kaka Lufunga. Ndoo ile pale. Ukitaka nitayanywa mbele yako."

"Unywe uliyotengeneza mwenyewe? Si utakuwa na kinga yake," mtu mmoja alidakia nyuma, na wachache wakacheka.

Nyamizi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kana kwamba wangeiondoa wakati uleule. Na kweli balozi, ambaye hakupenda kelele, alikuwa amekwisha kuamua. Alisema kwamba yeye hamtuhumu mtu, lakini kwa ajili ya amani ya mtaa, meza iondoke kabla ya Jumatatu.

Wakati huo Mihayo alifika. Alikuja kwa miguu kutoka dukani kwake, mkononi amebeba pasi ya mkaa inayofuka moshi, na kipande cha khaki begani.

"Fundi, umekuja kutunyoosha?" Lufunga aliuliza.

"Nisubirini kidogo," Mihayo alisema. "Nipeni hiyo chaki."

Akaipokea, na mbele ya watu wote akaitazama. Walishangaa kumwona akiigeuza upande huu na ule, akiikwaruza kwa ukucha. Kisha akatandika khaki juu ya kreti ya soda, akachora mstari kwa chaki ile, akaupitishia pasi. Mstari ukatoweka.

"Hii ni yangu," alisema. "Ni ya nta, ya kuchorea nguo. Ukiipaka kwenye fimbo ni sawa na kuipaka sabuni." Akatoa kipande kingine mfukoni mwa shati, cha buluu vilevile, chenye shimo katikati kwa kuzungushiwa fimbo. "Na hii ni ya hapa. Nimehangaika nayo wiki nzima, na leo niliposikia fimbo zenu zinateleza ndipo nikaelewa. Kila nikichora, mstari unapukutika. Siku ya mwisho nilipokuja niliondoka nayo, nikaacha yangu. Akili yangu haikuwepo. Nisamehe, dada."

Lufunga akaifuta ncha ya fimbo kwa khaki, akaipaka chaki ya kweli, akapiga. Mpira ukaingia. Akapiga wa pili, nao ukaingia. Hakuna aliyeshangilia. Mzee Kasonde alikohoa, akasema kwamba kwake amewaacha wageni, akaondoka.

Nyamizi aliachia ukingo wa meza na kukaa kwenye kreti. Alivuta pumzi, na pumzi ikashuka hadi chini, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akaanza kucheka, taratibu, akiitazama ile pasi iliyokuwa bado inafuka moshi katikati ya wanaume wazima waliokosa pa kuweka nyuso zao.

Hakuna aliyemwomba radhi kwa maneno siku ile, isipokuwa Mihayo. Lakini kesho yake Lufunga alikuja na chaki mpya mfukoni, akamwonyesha. "Hii yangu, dada. Nikiteleza, nimeteleza mimi." Wiki haikuisha kabla wengine hawajaja na zao, na Nyamizi alielewa wanachosema, akawapokea.

"Na mimi nije na yangu?" Mihayo aliuliza.

"Njoo nayo, fundi. Ila uniletee kwanza niione."

Akatabasamu, na jioni ile alipoitwa zamu yake, aliitika mara moja.

Kuanzia hapo mpaka leo, mcheza puli huja na chaki yake na kuondoka nayo. Ya mwenzako huigusi kabla hujaomba. Ukipewa, unaigeuza na kuikagua hadharani, na hakuna anayekasirika. Na anayekosa mpira huitazama chaki yake mwenyewe, huirudisha mfukoni, akaenda kukaa, wala hageuki kumtazama mwenye meza.