Mkunga Aliyeshuka Mlimani

Wapendwa, palikuwa na mkunga mmoja mjane, Mama Tumpale. Mume wake na binti zake wawili walikwisha kutangulia, na tangu awazike hakuwa na hamu kubwa duniani kuliko kuiona siku ya Bwana kurudi kulichukua kanisa lake. Basi mzee wa kanisa lao akatangaza kwamba siku imejulikana: Alhamisi, saa sita mchana. Waumini wavae nguo nyeupe, wapande mlimani wakangoje kunyakuliwa. Mama Tumpale alikuwa wa kwanza kufika.

Saa tano na nusu mwanamume mmoja akapanda mbio, anahema. Huyu ndiye aliyekuwa akiwacheka sokoni kila wiki.

"Mama, nisaidie! Mke wangu ana uchungu tangu jana, mtoto ametanguliza miguu. Daraja la kwenda hospitali limechukuliwa na maji."

Mzee wa kanisa akamshika mama mkono. "Imebaki nusu saa tu. Ukishuka, utaachwa."

"Na yule mwanamke?"

"Nyumba ile ilikataa kuamini."

"Mtoto naye amekataa nini, mzee?"

Akashuka. Msidhani alishuka kishujaa. Alishuka analia, kila hatua anageuka kutazama mawingu.

Saa sita ikamkuta amepiga magoti sakafuni, mikono imejaa damu. Kule mlimani nyimbo zilikuwa zimepamba moto. Ghafla zikakatika. Kimya.

Mnajua alichofikiri? Wamekwenda. Wenzangu wamekwenda, mimi nimebaki. Wanangu sitawaona tena. Machozi yakamdondoka.

"Kuna nini, Mama?" mzazi akauliza kwa hofu.

"Hakuna kitu, mwanangu. Sukuma."

Mikono yake haikulegea. Akamwongoza yule mtoto polepole, mabega yakatoka, kichwa kikatoka, na nyumba ikajaa kilio cha kitoto kichanga.

Alipotoka nje kumwaga maji, akawaona waumini wakishuka mmoja mmoja, wamelowa chapachapa. Mvua ilikuwa imewapiga kule juu wakakimbilia miambani. Ndiyo iliyokatiza nyimbo. Mzee wa kanisa alikuwa anapita ameinamisha kichwa. Mama Tumpale akamwita, "Ingia, baba, uote moto. Humu tumepata mgeni, njoo umwombee."

Ndugu zangu, Bwana anarudi, na neno hilo mimi sitalipunguza hata kidogo. Lakini hebu tujiulize. Sisi tukitenda jema, hatutupi jicho juu kuona kama tumeonekana? Mama huyu, kwa robo saa nzima, aliamini kabisa kwamba mlango wa mbinguni umefungwa na yeye yuko nje. Taji hakuna tena. Na bado hakumwachia mtoto wa mtu aliyemcheka! Nikisoma habari za kuwa tayari, namwona yeye, na magoti yake kwenye ile sakafu ya udongo, na naona haya.

Tumechoshana kwa kuulizana nani atachukuliwa na nani ataachwa. Leo ukitoka hapa kuna mtu anakungoja, pengine ni yule usiyempenda. Nenda kwake. Bwana akirudi hatakosa kujua uko nyumba gani.