Mgawa Maji na Shahidi wa Pili

Wapendwa, nina swali linalonizunguka kichwani tangu juzi, nanyi mnisaidie kulijibu. Hivi kiongozi tuliyemweka wenyewe, akiharibu, anatolewaje? Najua mko hodari wa kumtoa. Mnamtoa saluni, mnamtoa kilabuni (mzee, usitazame pembeni), mnamtoa hata hapo nje tukisubiri ibada ianze. Jumatatu ikifika, yuko kitini pake anakunywa chai. Kwa nini? Sikilizeni.

Palikuwa na kijiji kimoja milimani kilichoishi kwa mfereji mmoja tu. Kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji, na kulikuwa na mgawa maji wa kufungua na kufunga malango. Mtu huyu alipochaguliwa alikula kiapo. Baadaye akaanza kula na kuku. Ukimpelekea kuku, zamu yako inawahi. Usipompelekea, utaambiwa maji yamepungua huko juu, subiri. Na huku mahindi ya jirani yako unayaona yanang'aa.

Watu wakachoka, wakaitisha mkutano kando ya mfereji. Mwenyekiti wa mkutano akasema, "Haya, semeni. Mnataka atolewe kwa kosa gani?"

Mmoja akainuka: "Ana majivuno! Salamu haitikii." Mwingine: "Kaoa mke wa pili, na nyumba ya kwanza inavuja." Wa tatu naye: "Kwanza huyu si wa ukoo wa hapa."

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Ndugu zangu, hayo ni maneno ya jikoni. Sheria ya mfereji mnaijua. Mgawa maji hatolewi kwa sababu hatumpendi. Anatolewa akiuza zamu, na lazima wapatikane mashahidi wawili. Nani alimpa kitu akapewa maji?"

Kimya. Mnajua kwa nini? Sheria ile ile ilisema kwamba aliyetoa naye anakosa maji msimu mzima. Na karibu kila nyumba ilikwisha kutoa! Mgawa maji mwenyewe amekaa, mguu juu ya mguu, anachokonoa meno.

Ndipo akainuka mama mmoja mjane. Maharage yake yalikuwa yametoa maua wiki ile, na maharage yakikosa maji wakati wa maua, ninyi wakulima mnajua mwisho wake. Hicho ndicho kilikuwa chakula chote cha wanawe. Sasa desturi ya pale, shahidi huvua viatu, akaingia mferejini, akasemea humo majini. Mama akavua ndala, akaingia.

"Mimi nilimpa tetea," akasema. "Nilimpelekea mwenyewe, nikafunguliwa maji siku hiyo hiyo. Haikuwa zamu yangu. Ilikuwa ya jirani yangu, naye anisamehe."

Mwenyekiti akamwuliza kwa upole, "Mama, unajua unachojitafutia?"

"Najua, baba. Lakini nikinyamaza, mwakani atataka mbuzi. Nami mbuzi sina."

Watu wakacheka kidogo. Mwenyekiti akawageukia: "Shahidi wa pili?"

Niambieni, mngetegemea nini hapo? Jirani yake alikuwa ametoa jogoo. Yule aliyelalamikia salamu alikuwa ametoa kuku na mayai juu yake. Ghafla kila mtu anakagua kamba za viatu vyake kana kwamba kavinunua leo. Maji ya mlimani ni baridi, na mama alisimama humo akingoja, mpaka akaanza kutetemeka. Hakujitokeza mtu.

Basi mwenyekiti akasema, na naona uchungu hata kuyarudia maneno yake: "Shahidi mmoja hatoshi. Mgawa maji anabaki. Na wewe mama, kwa kinywa chako mwenyewe, huna maji msimu huu."

Mgawa maji akainuka, akajinyoosha, akaenda kufunga lango la shamba la mama yule mbele ya macho ya wote. Na njiani kurudi nyumbani, mnajua watu walisema nini? "Sheria yetu haina meno!"

Hapo ndipo hasira inanipanda. Haina meno? Sheria ilitaja kosa, ikataja adhabu, ikaonyesha na njia ya kumtoa. Ilibaki mtu mmoja tu avue viatu.

Wapendwa, sisi tunamwomba Mungu atuondolee viongozi wala rushwa. Sala njema. Lakini nani aliwalisha? Yule karani tuliyempenyezea kitu ili faili letu litangulie, alijilisha mwenyewe? Kosa tunalijua. Pa kupeleka ushahidi tunapajua. Tunachoogopa ni kutamka, "Nilitoa mimi." Kwa hiyo tunamsema majivuno yake na wake zake, maana hayo hayatugharimu kitu.

Msiniulize kama kijiji kile kilimpata mgawa maji mwingine. Mimi nataka kujua jambo moja: siku ile, nani alimpigia kura abaki? Mkono haukuinuka hata mmoja. Watu walikaa tu.

Maua ya maharage yalipukutika, na watoto wa mama yule wakalala njaa. Tusimlaumu mgawa maji peke yake. Sisi tulikuwepo.