Kuku Waliochelewa Kuota Manyoya

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mfugaji. Ukitaka kugombana naye, waseme vibaya kuku wake. Mbegu ile aliachiwa na mama yake mzazi, na aliisifia hata misibani.

Sasa vifaranga wakaanza kuchelewa kuota manyoya. Wanazunguka uani uchi, jamani, kama wanangoja kuogeshwa! Wakubwa nao wakasinyaa, wakaanza kufa. Mama akachanganyikiwa, maana kuku hao ndio waliokuwa wakimlisha.

"Ni magonjwa ya kuku wa jirani," akasema. Akaziba matundu yote ya uzio, akaweka karai la dawa mlangoni, kila mgeni achovye miguu. Hata mchungaji alipokwenda kumwombea alichovya, na viatu vya Jumapili! Huyo mchungaji simtaji.

Kuku wakazidi kufa. Mama akamvamia jirani, mikono kiunoni: "Hawa kuku wako wamenimalizia mji!" Jirani akaendelea kupeta mchele.

Ndipo akaja bwana mifugo, akachukua damu, akapeleka kupimwa, akarudi na majibu.

"Mama, kirusi hiki hakikupita mlangoni. Kiliwaingia mababu wa kuku hawa zamani sana, kikajishona ndani ya mbegu yenyewe. Wanarithishana kwenye yai. Kinachelewesha manyoya na kudhoofisha kinga."

"Nipe dawa basi!"

"Dawa hamna. Acha kuatamisha mayai haya, tafuta mbegu nyingine."

"Na kuku wa jirani je?"

"Wanacho pia. Mbegu ni ileile."

Hapo mama akakumbuka. Jirani alipojifungua, nani alimpelekea mayai ya kuatamisha, kumpa hongera? Si yeye mwenyewe! Aibu ikamshika, akaenda.

"Jirani, mbona hukuniambia kwamba mbegu ni yangu?"

"Dada, ulinipa kwa moyo mweupe. Ningeanzia wapi?"

Mnacheka, eh? Haya, chekeni. Sisi je? Mtoto akitukana tunalaumu shule, tunalaumu simu, tunalaumu watoto wa mtaani. Nani hapa amewahi kujipima damu yake mwenyewe? Zile hasira ulizorithi kwa baba yako, ukajisifu kwamba ndivyo ukoo wenu ulivyo, unadhani zimeishia kwako? Mungu anaweza kutubadilisha, lakini tukubali kwanza kwamba ni zetu.

Leo ukifika nyumbani, usimuulize mtoto yale matusi kayatoa wapi. Anajua. Anakuogopa tu.