Mafuta Yaliyofuliwa

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mliokaa huko nyuma karibu na mlango, nimepewa dakika chache na mtoto amelala mgongoni, kwa hiyo nitasema haraka haraka kabla hajaamka. Mkiona nakimbia, kimbieni na mimi.

Alikuwepo mama mmoja muuza maandazi, ana jaruba lake la mpunga bondeni, kwenye skimu ya umwagiliaji, kule ambako maji yanakuja kwa zamu. Mnajua zamu ilivyo. Lango la mfereji likiwa wazi upande wenu, mnavuruga tope na kupanda. Likifungwa ndiyo basi, maji yamekwenda kwa wenzenu, na miche iliyoko kitaluni haikusubiri wewe, inapitiliza, na ikishapitiliza hata ukiipanda utavuna majani. Sasa jaruba la huyu mama lilikuwa la mwisho kwenye mstari, na siku ninayowasimulia ilikuwa ya mwisho ya maji, jioni lango linafungwa. Watoto wake walikuwa wanakula kutoka jaruba hilo hilo. Lingine hana.

Mwenye pawatila, ile trekta ndogo ya kusukuma kwa mikono, alikuwa mmoja tu. Na dizeli ilikuwa imepanda mpaka yeye mwenyewe akataka kuegesha mashine akalime kwa jembe kama babu yake. Ndipo akajifunza kwa fundi mwenzake kwamba injini ya dizeli ikishapata moto haichagui sana chakula, unaweza kuichanganyia mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangia, yale tunayoyamwaga nyuma ya jiko, mradi uyaache yatulie kwenye pipa kisha uyachuje kwa kitambaa. Akapita kwa akina mama wote wanaokaanga, akawaambia wasimwage tena, wamletee yeye, naye atawavurugia majaruba yao. Wakamcheka sana. Mmoja akamuuliza kama na chumvi alete au injini itakuwa na yake.

Lakini wakaleta, na ikafanya kazi. Mnaiona raha ya jambo hilo, wapendwa? Mafuta yaliyochoka kabisa, hayafai hata kukaangia dagaa, leo yanasukuma chuma kwenye tope. Anawasha kwa dizeli tupu, injini ikipata moto anamimina mchanganyiko, basi bonde zima linanukia. Siku ya mafuta ya chipsi linanukia chipsi, wapandaji wanaanza kuulizia chakula cha mchana na jua bado liko chini. Siku ya mafuta ya samaki, paka walishuka kutoka majumbani wakaifuata pawatila juu ya kingo za majaruba, wanatembea kwa foleni kama wanakwaya.

Muuza maandazi peke yake hakuwa amepeleka. Mnataka kujua kwa nini? Kwa sababu mafuta yake yalikuwa meusi. Alikuwa anayarudia, leo na kesho na keshokutwa, mpaka yakafanana na oili ya gari, na wale wanaosubiri majaruba yao ndio hao hao wanaokula maandazi yake kila asubuhi. Wakiyaona yalivyo, kesho nani atanunua? Hapa msicheke sana, tunajuana majikoni kwetu.

Basi akafanya nini? Akachukua maji ya moto na sabuni ya unga, akamimina ndani ya kidumu, akatikisa kama mtu anayesukasuka maziwa, akaacha kidogo, akaengua. Na yakang'aa kweli. Yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Asubuhi ya siku ile ya mwisho akayabeba kichwani anatembea kwa maringo, kidumu chake kinapendeza kuliko vya wote.

Mwenye pawatila alipoyaona alifurahi. Hayakumshangaza kuwa mazito na meupe meupe, maana mafuta ya mawese yakipigwa na baridi ya asubuhi huwa hivyo hivyo. Akamwambia dada, haya hayahitaji pipa wala kitambaa, haya ni ya wageni. Tangi lilikuwa bado na mafuta ya muuza samaki yaliyobaki kutoka jaruba la jirani, akamimina yale mapya juu yake, akaingia jaruba la muuza maandazi.

Hakufika mbali. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa tena kama mzee aliyepaliwa, ikanyamaza. Akapiga hendeli, kimya. Wakapiga kwa kupokezana, kimya. Na maji yako jarubani, na jua linakwenda zake.

Watu wakageuka wakamtazama muuza samaki. Ni nani mwingine? Mafuta yake meusi kuliko sufuria, harufu yake inaita paka. Wakaanza kusema walijua tu, samaki na injini wapi na wapi. Yeye akajibu kwamba mafuta yake yamelima tangu juzi na samaki hawajalalamika, ila hawakumsikiliza. Mwenye pawatila akafungua tangi, akamwaga yote yaliyokuwemo, akasema ya samaki basi tena, sasa ataweka yale mazuri peke yake. Akachukua kidumu cha muuza maandazi, kilikuwa bado na zaidi ya nusu.

Sasa jiwekeni pale. Wewe ndiye yule mama. Unajua ulichotia humo. Ukinyamaza, mwenzako anaondoka na lawama yako, injini inakufa moja kwa moja, na jaruba lako linabaki tope la bure. Ukisema, mji mzima utajua mafuta yako yakoje. Ungefanyaje? Msinijibu, jijibuni wenyewe.

Aliingia kwenye tope na viatu vyake, akamshika mwenye pawatila mkono.

"Kaka, usimimine. Hayo nimeyafua."

"Umeyafua?"

"Kwa sabuni. Yalikuwa meusi, nikaona aibu."

Wa kwanza kumjibu alikuwa muuza samaki, yule yule waliyekuwa wanamlaumu.

"Na pasi ulipiga?"

Wakaanguka kicheko, mwenye pawatila mpaka akakaa kwenye ukingo wa jaruba, na muuza maandazi mwenyewe akacheka na machozi yanamtoka, maana hakutegemea kwamba akishasema angekuwa bado amesimama. Na mwenye pawatila alipopata pumzi akamwambia maneno haya, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

"Dada, mimi sikuomba mafuta masafi. Niliomba yaliyotumika. Unga ulioungua nina kitambaa chake. Maji ya sabuni sina kitambaa chake. Na mimi nimekosa, niliona weupe nikaacha kuchuja."

Wakafungua mipira ya kupitishia mafuta, wakapangusa chujio la mashine, wakatia dizeli, wakapiga hendeli mpaka ikakubali. Muuza samaki akaleta kidumu chake kilichobaki, cheusi vile vile, kikachujwa, kikamiminwa. Jaruba likavurugwa lote, akina mama wakashuka na miche wanapanda nyuma ya pawatila kabla tope halijatulia, wanaimba, wamelowa mpaka kifuani. Lango la mfereji lilipofungwa mche wa mwisho ulikuwa umeshasimama.

Wapendwa, yule mama hakuharibiwa na weusi. Weusi ulikuwa na dawa yake tangu mwanzo, kitambaa kilikuwepo, kimefungwa kwenye pipa, kinamsubiri. Kilichozima injini ni kile alichotia ili weusi usionekane.

Na sisi je? Jumuiya ikija kusali nyumbani tunaazima vikombe, tunamsukuma mume aliyelewa chumba cha ndani, tunafunga pazia, kisha tunapiga magoti tunasema Baba tunakushukuru kwa amani ya nyumba hii. Amani gani? Mama anazika mtoto, akiulizwa habari anasema nzuri. Mwingine ana hasira na Mungu tangu mwaka juzi, anamwimbia pambio. Halafu tunashangaa maombi yanakohoa, yanazima njiani, tunatafuta wa kulaumu, tunasema ni yule dada mwenye historia yake, kwa nini mmemruhusu kukaa mbele.

Bwana hakuwahi kutuambia tujioshe ndipo tuje. Hofu yako anaitaka kama ilivyo. Wivu wako, uchovu wako wa kulea, lile neno ulilomwambia mama mkwe wako na hulijutii bado, anajua pa kulichuja, na akishalichuja, amini usiamini, litalima. Hiyo ndiyo habari njema na mimi inanifurahisha mpaka nashindwa kusema polepole. Hakuna kilichoungua ndani yetu ambacho kwake ni cha kumwaga.

Basi tusimame, tuinamishe vichwa, kila mmoja aseme naye kwa maneno yake mwenyewe. Na nawasihi, mama zangu, leo tusiombe vizuri.